Yule Bibi wa Kwenye Insha

Kabla hamjaniuliza, jibu ni hapana. Sina nakala ya ile insha, na ningekuwa nayo nisingewapa. Kila mwaka anakuja mmoja wenu, ninyi vijana mnaofungua vituo vya tuisheni hapa mjini. Ananiamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote, anakunywa chai yangu, anasifia migomba yangu, na mwisho anatoa lililomleta: "Madam, tumesikia zamani ulikuwa na insha moja, mwanafunzi akiikariri hafeli." Namwambia amalize chai yake aende.

Leo nitalisema lote kwa mara moja, ili mniache nipumzike na kustaafu kwangu.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari. Ulipofika wakati wa ruksa, serikali ilipoachia watu wafanye biashara zao, kila mtu Moshi alifungua kitu. Huyu kafungua duka la mitumba, yule kafungua genge la kununua kahawa, mwingine kafungua baa mbele ya nyumba ya mama yake. Bwana Mushi, ambaye hakuwahi kufundisha hata kuku kuingia bandani, alifungua kituo cha tuisheni. Alikodi ghala lililokuwa la kahawa upande wa Majengo, lenye meza ndefu ambazo zamani akina mama walikaa kuchambua buni, nzuri huku, mbovu kule. Madarasa ya kawaida yalikuwa mbele. Mimi alinipa meza moja ya nyuma, karibu na mlango, nimsaidie mwanafunzi mmoja mmoja katika uandishi. Watoto walikaa kwenye benchi na madaftari mapajani wakisubiri zamu, kama wanasubiri dawa. Ndiyo maana wakapaita kliniki.

Msifikiri ilikuwa kazi ya raha. Mtoto anakaa mbele yako, unamwuliza una shida gani, anasema, "Madam, sijui kuandika." Hujui kuandika nini? "Insha." Insha gani? "Yoyote." Sasa hapo unaanzia wapi? Ni sawa na mtu aende hospitali aseme anaumwa mwili.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mwalimu Ndesanjo, mzee wa Machame, aliyestaafu akarudi kufundisha kwa sababu, alisema, nyumbani ng'ombe hawamsikilizi. Alikuwa na meza ya pili, jirani na yangu. Alipokaa na mwanafunzi alikalia mikono yake. Naam, aliiweka chini ya mapaja akaikalia. Nilidhani ni baridi yabisi. Siku nilipomwuliza alinieleza kwamba mkono wa mwalimu una kiherehere, ukiuachia utachukua kalamu, na ukishachukua kalamu mtoto atakaa akutazame unavyoandika vizuri.

Alikuwa na taratibu zake. Alisoma karatasi mpaka neno la mwisho kabla hajafungua mdomo, hata kama ni upuuzi mtupu. Hakuandika juu ya karatasi ya mtoto. Alimwambia asimulie kwa mdomo kwanza, na Kiswahili kikimshinda asimulie kwa Kichagga, maana alielewa vya pande zote za mlima. Kisha aliuliza vitu vidogo. Nani alikuwepo? Jikoni kulikuwa na nini? Ulikuwa umeshika nini mkononi? Mtoto aliyesema hajui kuandika anajikuta anaeleza jinsi alivyokuwa ameshika sufuria ya mtori shangazi alipoingia na habari za ugomvi wa mpaka. Hapo mzee anasema, "Haya, andika hiyo hiyo." Basi. Ndiyo dawa yote, na haiuzwi.

Jambo jingine, na hili linawafaa mpaka leo: mwambie mtoto afute aya ya kwanza. Karibu kila mara aya ya kwanza ni salamu. Sisi watu wa huku hatuendi kwa mtu tukasema shida yetu mlangoni. Tunauliza hali ya watu, ya ng'ombe, ya migomba, mvua imefika mpaka wapi, ndipo tuseme tumekuja kuazima jembe. Watoto wanaandika hivyo hivyo. Insha ya ajali inaanza na hali ya hewa, familia, mbuzi, na kengele ya kuisha muda inalia kabla gari halijapinduka.

Nilimfuata mzee kwa miaka miwili hivi. Kisha akaugua miguu, akarudi Machame moja kwa moja, na benchi likawa refu. Bwana Mushi akawa anapita pale nyuma na kusema kwamba darasani mwalimu mmoja anafundisha watoto themanini, na mimi asubuhi nzima nimefundisha watano. Alikuwa anaudhi, lakini hesabu zake zilikuwa sahihi. Nami nilikuwa nimechoka. Ndipo nikafanya ujinga. Nilikaa nikaandika insha moja ya mfano, "Siku Nisiyoisahau Maishani", iwasaidie wanaosubiri zamu.

Nitawasimulia, kwa kuwa hamtaniacha. Jogoo anawika. Jua linachomoza kwa madaha nyuma ya Mawenzi. Bibi kipenzi anaamka kimya, si kawaida yake. Anaomba maji, anashika kifua, vijana wanambeba kwa machela wakiteremka na mvua, na kabla hawajafika barabara ya lami bibi anakata roho akisema maneno mawili matatu ya hekima. Anazikwa mgombani. Padri analia. Mwisho kuna methali. Nilijisifu sana kwa ile padri analia.

Bwana Mushi alikuwa ndiyo kwanza amenunua mashine ya fotokopi. Hamkuwepo, hamjui mashine ile ilivyokuwa ikitazamwa. Aliwasha asubuhi, akatoa nakala mpaka ikanuka moshi. Baada ya muhula mmoja, insha yangu ilikuwa Himo, ilikuwa Marangu, niliambiwa ilionekana mpaka Holili. Na kila mahali bibi yule alikuwa anakufa.

Mwalimu mwenzangu wa shule moja ya bweni alikuja kituoni na rundo la madaftari. Hakunisalimia. Alinifungulia moja baada ya jingine. Bibi amebebwa kwa machela. Bibi amebebwa kwa machela. Kijana mmoja anaitwa Hamisi, mtoto wa Pasua, Muislamu wa kutoka kwa Waislamu, bibi yake amezikwa mgombani na padri analia. Mwalimu akaniuliza kama huyo padri ana likizo. Nilicheka siku hiyo. Kosa langu la pili lilikuwa kucheka.

Kwa sababu baada ya hapo nilimchukia yule bibi. Nilitaka kumfuta kote alikoenea. Nikatangaza kliniki nzima kwamba insha yoyote yenye bibi ndani yake sitaisoma, na atakayeileta atarudi mwisho wa benchi. Watoto wakaogopa kuandika hata babu. Nilikuwa mkali, nakiri, na wakati ule nilidhani ukali wangu ni ubora wa kazi.

Sasa nimefika kwa Honorata.

Honorata alikuwa mtoto wa Kibosho, amemaliza kidato cha nne, mrefu, si msemaji. Alikuwa akiteremka kwa miguu mara mbili kwa wiki. Alikuwa anaomba nafasi ya kidato cha tano katika shule moja ya wasichana ya masista. Serikalini hakuwa amechaguliwa, na nyumbani alikuwa na bibi yake tu, kwa hiyo hiyo ndiyo njia iliyobaki. Masista wale walikuwa na utaratibu wao. Kila mwombaji alipeleka insha ya Kiswahili ya mkono wake, juu ya siku asiyoisahau, halafu aliitwa kwa mahojiano na kuulizwa habari za insha hiyo hiyo. Wakikupenda wanakusomesha kwa ufadhili wao. Wasipokupenda, unarudi kulima.

Alikuja Ijumaa, benchi likiwa limejaa. Akaniwekea karatasi mezani kwa mikono miwili. Mstari wa kwanza ulisema: "Asubuhi hiyo bibi yangu aliamka kimya."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Bibi kimya tena. Sikuusoma mstari wa pili, na mngeniuliza siku ile ulisema nini nisingejua. Nilichukua kalamu nyekundu nikapiga mstari kuanzia kona ya juu mpaka kona ya chini, nikamwambia, na benchi zima lilisikia, "Huyu bibi nimeshamzika mara mia. Niletee kitu kingine."

Aliivuta karatasi yake. Akasema, "Lakini Madam, huyu ni wa kwangu." Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote.

Na kwa kuwa siku za kupeleka zilikuwa zimebaki chache, nilimsaidia. Msaada gani sasa. Nilimwambia masista ni wageni wa huku, watapenda mlima, aandike siku aliyopanda Kilimanjaro. Akasema hajawahi kuupanda. Ni kweli, sisi mlima ni wa kuangalia asubuhi kujua kama kutakuwa na jua la kuanika nguo. Wanaoupanda ni wageni, na vijana wetu wanaowabebea mizigo. Nikamwambia nani atajua? Mkono wangu ukaanza kiherehere chake. Nilimtungia theluji, nikamtungia upepo, nikamtungia machozi ya furaha kileleni, yeye akanakili kwa mwandiko wake mzuri. Alinishukuru, akakunja karatasi yake yenye mstari mwekundu akaitia mfukoni, akaondoka.

Kama wiki tatu baadaye nilikutana na Sista mkuu wa shule ile sokoni, ananunua karoti. Tulifahamiana kwa mikutano ya walimu. Akaniambia amepata waombaji wazuri, ila mmoja alimsikitisha, msichana wa Kibosho aliyeandika kwa ufasaha sana. Walimwuliza kupanda kulichukua siku ngapi, akajibu siku moja, walirudi jioni, mlima ambao wageni huupanda siku tano. Wakamwuliza kileleni alikula nini, akanyamaza. Wakamwuliza insha hii ni ya nani, akanyamaza zaidi. Sista akasema anaweza kumvumilia mtoto asiyejua, lakini si mwongo. Kisha akaniuliza kama karoti zimepanda bei au ni yeye anaibiwa.

Nilirudi kituoni moja kwa moja. Honorata hakuwa amekuja tangu mahojiano. Nikamwuliza mwenzake wa benchi moja, naye akatazama chini akasema, "Alilia sana, Madam. Kwa ajili ya ile ya bibi yake." Basi mimi kichwani nikaunganisha: mtoto kafiwa kweli, ameandika msiba wake, nami nimempigia mstari mwekundu mbele ya watu. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilijiona kama mtu aliyetema mate kwenye kaburi.

Jumamosi nilijifunga kitenge cheusi, nikanunua sukari kilo mbili za rambirambi, na kwenye ua wa jirani nikakata sale. Ninyi mliokulia mjini pengine mnaliona sale kama jani la kuzungushia ua tu. Kwetu, mtu aliyekosa akikuletea sale, huwezi kukataa kumsamehe. Utasema maneno yako yote, utamgombeza utakavyo, lakini jani utalipokea.

Nilipanda mpaka Kibosho, nikauliza kihamba chao, shamba lao la ukoo, nikaelekezwa. Njiani nilipanga maneno ya pole. Nikapiga hodi kwenye upenyo wa ua, na aliyetoka kunipokea, akiwa na panga mkononi na udongo mpaka magotini, alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye macho makali. Nikamwamkia. Nikamwuliza hapa ndipo kwao Honorata. Akasema ndipo. Nikasema nimekuja kutoa pole kwa msiba wa bibi yake.

Akanitazama toka kichwani mpaka viatuni, akautazama mfuko wa sukari. Akasema, "Bibi yake ni mimi. Nimekufa lini?"

Vijana, sijui ninyi mngejibu nini. Mimi nilikaa chini, pale pale kwenye jiwe la kunolea panga, nikamweleza yote: insha ya mfano, fotokopi, Hamisi na padri wake, mstari mwekundu, mlima, Sista. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza nikamnyooshea sale kwa mikono miwili.

Hakulipokea. Alisema, kwa Kichagga, na ninawapa kama alivyolisema: "Mimi hujanikosea. Sikujua hata kama nimezikwa. Aliyekosewa yuko jikoni, mpelekee yeye."

Sasa fahamuni. Sale linapelekwa kwa mkubwa, kwa mzazi, kwa jirani wa rika lako. Mimi mama mzima, mwalimu, nimpelekee binti wa miaka kumi na saba jikoni kwake, akiwa anamenya ndizi. Nilitaka kubisha. Bibi akarudi shambani kwake kana kwamba sipo. Basi nikaingia.

Honorata aliponiona alisimama, akaniamkia kama kawaida. Nilimnyooshea jani. Alilitazama muda mrefu mpaka nikafikiri mila imekwisha duniani. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea. 

Nikamwambia anisomee ile insha, au anipe niisome mwenyewe, yote, hata kama nitasimama. Akasema haipo. Ijumaa ile ile alipofika nyumbani aliitia jikoni akawashia moto. Nikamwuliza ilikuwa inahusu nini, na alinieleza huku akimenya ndizi, hakunitazama.

Ilikuwa siku bibi yake alipong'oa kahawa. Mibuni ilipandwa na babu yake, na bei ilikuwa imeanguka mpaka haikulipa hata dawa ya kupulizia. Asubuhi hiyo bibi aliamka kimya, hakuwasha moto, akachukua jembe na panga akaanza na mbuni wa kwanza kwenye safu. Zamani mtu aking'oa mbuni aliitwa kujieleza mbele ya watu. Majirani walikuja uwani wakasimama, hakuna aliyesaidia na hakuna aliyemkataza. Honorata alikuwa ameshika ndoo ya kupelekea ng'ombe maji, akaiweka chini, akaenda kuvuta mashina. Jioni walikuwa wameng'oa safu mbili. Bibi hakulia. Alisema kesho watapanda nyanya.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Hakuna mtoto hata mmoja katika miaka yangu yote pale kliniki aliyewahi kuniletea kitu kama kile, na kililetwa, na nilikipiga kalamu. Niliona uchungu, na hasira, na hasira yote ilikuwa yangu juu yangu. Nikamwomba aiandike tena, nitakaa nje, sitagusa. Alijaribu. Alileta kurasa mbili wiki iliyofuata, akasema, "Sio yenyewe, Madam," na kweli haikuwa.

Nilikwenda kwa Sista. Nilimwambia mwongo ni mimi, mlima ule niliupanda mimi, tena nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nikamsimulia habari za mibuni.  Sista akasema kwa insha hiyo angemchukua. Lakini nafasi zilikuwa zimejaa, wasichana wameshapewa barua, na hawezi kumnyang'anya mmoja ampe mwingine kwa kosa la mwalimu wake. Alisema aombe tena mwaka ujao kama wengine wote. Nilibembeleza mpaka nikajiaibisha. Hakubadilika, na leo naona alikuwa na haki, ingawa siku ile nilimtukana njia nzima mpaka nilipofika kituo cha basi.

Mwaka mzima, basi. Mwaka mzima wa maisha ya mtoto, kwa sababu sikusoma mstari wa pili. Kila siku ya soko nilimwona Honorata chini ya ukuta na ndoo zake za nyanya, wenzake wakipita na sare. Nilinunua nyanya kuliko nilivyoweza kula. Yeye alinipimia vizuri, akaniongeza moja juu kama anavyowaongeza wateja wote.

Nilimwambia Bwana Mushi ama nakala zile zichomwe ama naondoka. Tulizichoma nyuma ya ghala, alinuna mwezi mzima. Haikusaidia. Zilizokwishatoka zilikuwa zimetoka, na ninyi mnakuja mpaka leo.

Mwaka uliofuata masista waliita waombaji. Nilingoja Honorata aje kliniki. Nilimwekea nafasi, benchi zima likinung'unika. Hakuja. Wiki ya mwisho nikamfuata sokoni, nikamwuliza kama ameandika. Akasema ameandika na ameshapeleka. Nikamwambia angeniletea niipitie kidogo tu, kwa macho, nisingeshika kalamu. Akanifungia nyanya zangu kwenye gazeti.

"Nilikusamehe, Madam," akasema. "Lakini sikupi tena usome."

Alichukuliwa. Alisoma, akamaliza, akaenda chuo, na akija likizo alipita kunisalimia, akakaa, akanywa chai, tukaongea habari za watu na za mvua. Mara mbili nilimwuliza aliandika nini mwaka ule. Mara zote mbili aliniuliza hali ya ng'ombe wangu.